Toleo la zamani au toleo jipya? Santuri za roki zikipimwa Lubumbashi

Jumamosi moja kijana wa jirani hapa Kamalondo alinijia na simu mkononi. "Yaya, hii albamu ya Beatles iko mara nne. Niuze gani?"

Wasomaji wa Dar na Mombasa msishtuke: huku Lubumbashi kuuza ndiko kununua, na mwenye duka yeye anauzisha; na yaya ni kaka mkubwa. Kijana alikuwa anatafuta Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967, akakuta jalada lile lile na nyimbo zile zile 13 zikiuzwa mara nne kwa bei nne. Moja mono (sauti zote pamoja kwenye mkondo mmoja), moja stereo (zimegawanywa kushoto na kulia), moja ya 1987, moja ya 2017. Akahisi anataka kuibiwa.

Nikamrudishia swali. "Utaisikilizia wapi?" Akanionyesha simu na spika za masikioni za dola tatu.

Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo hakuuliza, maana mimi nikianza habari za santuri sinyamazi upesi. Mke wangu ni shahidi.

Kupika na kupakua

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Studio hurekodi ngoma kwenye mkondo wake, gitaa kwenye wake, mwimbaji kwenye wake. Kisha mtu hukaa akaamua nani asikike zaidi, nani akae nyuma, nani apewe mwangwi. Huo ni mchanganyo. Ni kama kupika sombe, yaani kisamvu: mawese kiasi gani, karanga kiasi gani, samaki waingie lini. Ukishamaliza umemaliza, mawese yaliyozidi huyatoi tena.

Masta ni kupakua. Sombe imeshaiva, wewe unaipasha moto, unaongeza chumvi kidogo mezani, unaiweka kwenye sahani safi. Jalada likiandikwa "remastered", ujue wamepakua upya chakula kile kile. Likiandikwa "remix" au "new mix", wameingia tena jikoni. La kwanza mara nyingi halistahili ulipe mara mbili. La pili linaweza kukupa albamu nyingine kabisa, nzuri au mbaya.

Na kile kibandiko cha "gramu 180" wanachokibandika kwenye santuri mpya? Ni uzito wa plastiki. Mchanganyo mbaya ukichongwa kwenye sahani nzito unabaki mbaya, isipokuwa sasa unachosha mkono.

Sgt. Pepper: mono, stereo, na ile ya mtoto wa George Martin

Mwaka 1967 nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na mashine ya spika moja. Kwa hiyo Beatles na mtayarishaji wao George Martin waliweka nguvu zao kwenye mchanganyo wa mono, wenyewe wakiwamo chumbani. Ule wa stereo ulifanywa baadaye, kwa haraka, wanamuziki hawapo. Ndiyo maana mashabiki wakongwe hushikilia kwamba mono ndiyo albamu yenyewe na stereo ni ya kuazima.

Mimi nilikuwa nawacheka, mpaka siku moja kwa rafiki yangu huko Bel-Air. Ana mashine nzito ya zamani, zile ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme: ukipata hertz 50 kamili sahani inazunguka inavyotakiwa, ukipata zaidi inakimbia. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, tukawasha jenereta uani. Sahani ilikuwa ya mono. Tulipofika She's Leaving Home nikasikia sauti ya Paul McCartney imepanda, imekuwa changa, na nyuzi za kinubi zinamhimiza kama mtu anayechelewa treni. Nikamwambia rafiki yangu, "Jenereta yako inakimbia mno, kaipunguze." Akatoka. Nikamsikia akihangaika nayo, mngurumo ukishuka na kupanda, na wimbo nao ukishuka na kupanda humu ndani. Alirudi na mikono imejaa mafuta, na bado wimbo ulikuwa juu kuliko nilivyouzoea.

Kumbe ndivyo ulivyo. Kwenye mono wimbo huo una kasi zaidi na uko juu zaidi kuliko kwenye stereo. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikisikiliza msichana anayetoroka kwao polepole, nikiuona wimbo wenye majonzi mazito, na sehemu ya majonzi hayo ilikuwa ni mwendo wa mkanda tu.

Sasa uchaguzi. Ukiwa na spika moja, redio ya jikoni au ile spika ya Bluetooth ya mviringo, tafuta mono: ipo kwenye boksi la CD la 2009, na kwenye santuri za 2014 zilizochongwa moja kwa moja kutoka mikanda ya asili, bila kupitia kompyuta. Ukisikiliza kwa masikio mawili, chukua ya 2017. Hiyo Giles Martin, mtoto wa George, aliichanganya upya kutoka mikanda ile ile, akifuata maamuzi ya mono lakini akiyatandaza kushoto na kulia. Ngoma za Ringo hatimaye zimekaa katikati zikiwa na tumbo. Stereo ya zamani iliyosafishwa 2009 si mbaya, ni ya mtu aliyekulia nayo. CD ya 1987 ukipewa bure, pokea na ushukuru.

Usigawane Rubber Soul kwenye basi

Hii ni fupi lakini imenigharimu aibu. Rubber Soul ya Beatles, 1965, kwenye stereo yake ya mwanzo, waimbaji wamesukumwa upande wa kulia na ala nyingi zimewekwa kushoto. Sebuleni, spika mbili zikiwa mbali, hewa inawapatanisha. Lakini kwenye basi la kwenda Ruashi niligawana spika za masikioni na mdogo wangu, kila mtu sikio moja. Mimi nikabaki na besi, gitaa na ngoma. Yeye akabaki na wanaume wanaoimba peke yao, hawana bendi. Baada ya nyimbo mbili akanigeukia. "Yaya, hawa ni wa kanisa gani?"

Mono. Bila majadiliano.

Raw Power: hapa ndipo ninapogombana na watu

Albamu ya Iggy na The Stooges, 1973. Walirekodi London, kisha David Bowie akaifanyia mchanganyo Marekani kwa muda mfupi sana. Bowie alieleza baadaye kwamba kwenye mkanda wenye nafasi 24 alikuta tatu tu zimetumika: bendi nzima kwenye moja, gitaa la James Williamson kwenye nyingine, sauti ya Iggy kwenye ya tatu. Ukiwa na vitu vitatu, huna nafasi kubwa ya kuchagua. Unapandisha gitaa au unapandisha mtu. Matokeo yake ni albamu nyembamba, ngoma na besi zimejificha nyuma, na gitaa linachomoza mbele kama wembe. Watu waliilalamikia miaka zaidi ya 20.

Mwaka 1997 Iggy akaingia jikoni mwenyewe. Alivuta kila kitu juu mpaka kikagonga dari. Nielezee dari hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi: sauti ya kidijitali ina kimo ambacho haiwezi kukipita. Ukiisukuma zaidi, wimbi haliongezeki, linakatwa kichwa. Kilichokuwa mlima kinakuwa meza. Ukikata vichwa vya mawimbi mengi mfululizo, ngoma haipigi tena, inakwaruza, na sikio linachoka bila kujua limechoka na nini.

Nilikuja kulijua hilo kwa pesa yangu. Nilinunua CD sokoni, jalada ni lile lile la Iggy kifua wazi, muuzaji akaniapia ni ya zamani. Kufika nyumbani, wimbo wa kwanza nikaruka kwenye kiti kwa furaha. Wa pili nikapunguza sauti. Wa tatu nikapunguza tena. Wa nne nikazima nikaenda kunywa maji. Ndipo nikasoma maandishi madogo ya nyuma: mchanganyo wa Iggy Pop. Tangu hapo sinunui toleo lolote la albamu hiyo kabla ya kusoma jina hilo, na wewe usinunue.

Mchanganyo wa Bowie ulirudishwa kwenye toleo la 2010, ukiwa umesafishwa, pamoja na CD ya onyesho walilolipiga Atlanta Oktoba 1973. Onyesho hilo lina fujo tupu na ni raha. Kwa anayeanza, nashauri hilo la 2010. Wembamba wake unauzoea baada ya siku mbili, halafu unagundua kwamba wembamba huo ndio unaolipa gitaa nafasi ya kukukata.

Lakini nina rafiki fundi wa pikipiki mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Yeye anaipenda ya 1997 na hataki kusikia nyingine. Nilikuwa namdharau hadi nikasimama kwenye gereji yake: injini mbili zinanguruma, mtu anagonga bati, na katikati ya kelele hizo simu iliyowekwa ndani ya bakuli la plastiki inapiga Search and Destroy na kila neno linasikika. Toleo la Bowie pale lingekufa. Basi kwa gereji, 1997.

Let It Be, kwa haraka

Beatles tena, matoleo matatu. Ya 1970 ilipitia mikono ya mtayarishaji Phil Spector, aliyemwaga nyuzi za okestra na kwaya juu ya The Long and Winding Road bila McCartney kupendezwa. Ya 2003, Let It Be... Naked, ilivua nguo hizo zote, ikatoa vipande viwili vya mzaha na kuingiza Don't Let Me Down. Ya 2021 ni mchanganyo mpya wa Giles Martin unaoheshimu ile ya Spector, na boksi lake kubwa lina pia Get Back, albamu kama fundi wa sauti Glyn Johns alivyoipanga 1969 na ikakataliwa.

Nilitegemea niipende ile iliyovuliwa. Sikuipenda. Imesafishwa hadi ikakosa harufu ya chumba, mazungumzo yametolewa, na vile vipande vya mzaha vilikuwa vinakupa pumzi. The Long and Winding Road peke yake ndiyo imepona. Chukua ya 2021, na ukipata nafasi sikiliza ya Glyn Johns mara moja usikie bendi iliyochoka ikicheza kama hakuna anayerekodi.

Herufi mbili kwenye Led Zeppelin II

Kama utawahi kukuta santuri ya Led Zeppelin II ya Marekani ya 1969 kwenye sanduku la mtu, igeuze kwenye mwanga uangalie ule mduara mtupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Kuna maandishi yamekwaruzwa kwa mkono. Ukiona RL, kaa chini. Hizo ni herufi za Robert Ludwig, aliyeichonga mara ya kwanza. Aliichonga na besi nzito na sauti kubwa hivi kwamba kwenye mashine za bei rahisi sindano ilikuwa inaruka nje ya mfereji. Ikaagizwa ichongwe upya kwa upole. Zile za kwanza leo zinauzwa kwa mamia ya dola.

Sasa fikiria vizuri unacholipia. Unalipia sahani ambayo sifa yake ni kuzishinda mashine za bei rahisi, na mashine ya bei rahisi ndiyo uliyo nayo. Zile za sanduku, zenye spika ndani ya mfuniko na mkono mwepesi wa plastiki, zitairusha sindano leo kama zilivyoirusha 1969. Kwa mashine hiyo nunua toleo la 2014 alilolisimamia mpiga gitaa wao Jimmy Page. Halikuguswa mchanganyo, limepakuliwa vizuri, na ukitaka lile lenye diski ya ziada unapata nyimbo zikiwa bado jikoni, nyingine hazijawekwa sauti ya Robert Plant. Whole Lotta Love ikiwa mbichi hivyo inafundisha zaidi kuliko makala yoyote, hata hii.

RL umuachie mwenye mkono mzito. Wa mashine, nina maana.

Mbili za kupita

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973: imesafishwa na kufungwa upya mara nyingi, ikiwemo ya miaka 50 mwaka 2023, lakini mchanganyo wa stereo ni ule ule. Chukua nakala yoyote isiyo na mikwaruzo na pesa iliyobaki nunua sindano mpya.

ZZ Top: albamu zao nyingi za miaka ya 1970 zilipopelekwa kwenye CD mwaka 1987 zilipikwa upya, ngoma zikapewa mwangwi wa mtindo wa miaka hiyo ya 1980, kama mpiga ngoma amefungiwa ndani ya pipa. Kwa Tres Hombres tafuta ya 2006 au santuri ya zamani. Hiyo nyingine hata fundi wangu wa pikipiki aliikataa.

Ng'ambo ya Kasumbalesa

Sasa tufike nyumbani, au karibu na nyumbani. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumbalesa si mbali, na ukivuka unaingia ukanda ule ule wa shaba, watu wale wale wa migodini, Kibemba kile kile tunachokisikia kwa bibi zetu. Miaka ya 1970, huku kwetu mabaa yakiwa yamejaa rumba, vijana wa Kitwe na miji jirani walikuwa wanaunganisha gitaa na vifaa vya kukwaruza sauti na kuimba roki yao. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio zipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95, basi nao wakatengeneza. Leo dunia inauita Zamrock.

WITCH ndio wakubwa wao. Jina ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa ajili ya Mick Jagger. Watu huniuliza waanze na Introduction ya 1972 au Lazy Bones!! ya 1975. Introduction inasikika kama vijana waliopewa studio kwa saa chache wakaogopa kuzimaliza bure: mbichi, ya haraka, kinanda kinalia juu ya kila kitu. Ina haiba, lakini ukiipa mtu anayetoka kwenye Led Zeppelin ataona ni mazoezi. Lazy Bones!! ni bendi inayojua inakwenda wapi; gitaa lina giza, nyimbo zinajua kunyamaza. Anza na hiyo. Ukiipenda, rudi nyuma.

Nakala ya asili au iliyotolewa upya? Kwenye roki ya Uingereza nimekwambia mara mbili tatu usiidharau ya zamani. Hapa nasema kinyume. Zamrock ilibonyezwa kwa idadi ndogo, ikachezwa kwenye mabaa na kwenye sherehe za uani, kwa sindano zilizochoka. Mwanamke mmoja anayefanya biashara ya vitenge kati ya huku na Kitwe aliniletea moja, haina jalada, imefungwa kwenye gazeti. Niliiosha kwa maji na tone la sabuni, nikaikausha kwa kitambaa laini, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi cha huku linaingia kwenye mifereji kama limetumwa. Nikaiweka. Ilikaanga kama dagaa kwenye mafuta upande mzima, na katikati ya kukaanga huko, kwa mbali, bendi. Nimeitundika ukutani. Kwa masikio nina boksi la WITCH lililotolewa 2012 na kampuni ya Now-Again ya Marekani, na sina majuto.

Kilichonifanya niandike makala hii lakini ni Amanaz. Albamu yao ni moja tu kutoka enzi hizo, Africa, 1975, na hiyo moja ilitoka ikiwa na michanganyo miwili tofauti: mmoja mkavu, mmoja umejaa mwangwi. Now-Again imezirudisha zote mbili pamoja, kwa hiyo unaweza kukaa jioni moja ukalinganisha bila kugombana na mtu.

Mkavu unakuweka chumbani. Unasikia vidole kwenye nyuzi, unasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno, ngoma ni ndogo na ziko karibu, kama mtu anapiga meza unayokulia. Ule wa mwangwi unaibeba bendi ile ile na kuiweka upande wa pili wa bonde. Gitaa la mkwaruzo linapata mkia mrefu, sauti zinaelea, na nyimbo za polepole zinakuwa za usiku. Wageni wengi wanaokuja kwenye muziki huu kutoka Ulaya hupenda mwangwi kwa sababu unafanana na roki ya ndoto waliyoizoea. Mimi ni wa mkavu. Amanaz wanaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na mwangwi unayala maneno. Mtu asiyejua Kibemba hapotezi kitu. Mama yangu mkubwa, aliyezaliwa upande wa Sakania, alisimama na mwiko mkononi kwenye toleo kavu akaanza kujibizana na mwimbaji. Kwenye la mwangwi aliuliza tu kama spika imeharibika.

Kwa spika za masikioni usiku, peke yako, nakuruhusu mwangwi.

Ukimaliza hapo na bado una njaa, kuna My Ancestors ya Chrissy Zebby Tembo na Ngozi Family, 1974, na Day of Judgement ya Ngozi Family, 1976. Ya pili ni nzito na haina adabu. Gitaa la Paul Ngozi halijali kama ngoma zimefika. Anayependa Black Sabbath ya mwanzo aende huko moja kwa moja.

Rekodi adimu: kiasi gani kinatosha?

Bob Dylan na wenzake walijifungia kwenye nyumba ya mashambani karibu na Woodstock mwaka 1967 wakarekodi nyimbo bila nia ya kuziuza. Zikavuja, zikauzwa kwa wizi, na 1975 zikatoka kihalali kwa jina The Basement Tapes, nyimbo 24, nyingine zikiwa zimeongezewa ala baadaye. Mwaka 2014 zikaja zote: CD 6, vipande 138. Upande mmoja umepambwa, upande mwingine ni ghala zima na kikohozi ndani.

Nilipakua ghala lote. Nililisikiliza lote mara moja. Sijalirudia lote, na sijui mtu mwaminifu aliyelirudia. Pamoja na lile boksi walitoa dogo la CD 2 lenye nyimbo 38, bila ala za kuongezwa. Hilo ndilo la kuchukua. Lile la 1975 lina kasoro zake, lakini baadhi ya nyimbo nzuri kuliko zote ndani yake ni za The Band wenyewe, ndio wale wenzake, na ghala la Dylan halina hizo.

Kwa rekodi adimu za kwetu mambo ni tofauti, maana hakuna boksi la kuchagua. Masanga, wimbo wa gitaa wa Jean-Bosco Mwenda, ulirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, ukatoka kwenye sahani inayozunguka mara 78 kwa dakika. Si roki, najua. Lakini msikilize anavyopiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, halafu uniambie gitaa ngapi umesikia. Mikanda ya Tracey imehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye International Library of African Music, na kampuni ya SWP ya Uholanzi imetoa CD nyingi za rekodi zake; sauti yake ni safi kuliko sahani yoyote utakayoikuta kwenye sanduku la babu.

Na ukiikuta hiyo ya babu, tafadhali, usiiwekee sindano ya kawaida. Mifereji ya sahani za 78 ni mipana; sindano ya santuri za kisasa inazama hadi chini, inasugua uchafu wa miaka 70 na kukuletea kelele tu. Inahitaji sindano yake pana. Na usiifunge kwenye mfuko pamoja na vitu vingine, si plastiki ile inayokunjika. Ikidondoka inavunjika kama sahani ya kulia.

Yule kijana alichukua ile ya 2017, kama nilivyomshauri. Jumapili jioni akarudi, spika moja sikioni, nyingine inaning'inia, uso umekunjamana.

"Yaya, simu yangu iko na shida. Ule wimbo wa msichana anayetoroka unakimbia. Kwenye ile ya baba haukimbii hivi."